Visu vya kukunja: kukusanya, kutunza na kuwaonyesha wenzako kisu kipya

Wakuu, naanza na aibu yangu mwenyewe ili mtu asije akairudia. Baba mdogo alikuwa baharia, na safari moja akarudi na kisu cha kukunja cha kampuni ya Case ya Marekani, mpini wa mfupa rangi ya asali, mabapa mawili. Miaka ikapita kikaja mikononi mwangu kimechakaa, kina kutu kidogo pale karibu na mpini, mi nikaona hapana, kisu cha mzee hakiwezi kukaa hivi, nikachukua msasa nikakisugua jioni nzima mpaka kikawa kinang'aa kama sufuria ya bibi harusi. Nikakipiga picha nikawatumia jamaa wanaopenda hivi vitu. Hakuna aliyesifia. Mmoja akauliza tu, "Nukta ziko ngapi?"

Nukta gani tena?

Ndo nikafundishwa kwamba Case kuanzia 1970 walikuwa wanagonga nukta kumi chini ya jina lao kwenye shina la bapa, pale jirani na mpini, afu kila mwaka wanapunguza moja, 1971 tisa, 1972 nane, mpaka 1979 ikabaki moja. Hesabu yake rahisi, chukua 1980 toa idadi ya nukta, unapata mwaka. Ila kati ya 1965 na 1969 waliandika hivyo hivyo CASE XX U.S.A. bila nukta yoyote. Sasa changu jina limebaki kwa mbali na nukta hakuna, kwa hiyo kinaweza kuwa cha 1966, kinaweza kuwa cha 1977, hatajua mtu tena, na baba mdogo hayupo wa kumuuliza.

Mwongozo huu umetokana na hilo kosa. Kisu kina maandishi yake na makovu yake, kazi yako wewe ni kuyasoma, kuyalinda, na kuwaonyesha wenzako yalivyo. Kung'aa ni jambo la mwisho kabisa.

Tukubaliane majina kwanza maana kila fundi ana yake. Bapa ni kile chuma chenyewe kinachokata. Shina ni kipande cha bapa kilicho jirani na mpini, hakina makali, na hapo ndo panapogongwa maandishi. Springi inakaa mgongoni mwa mpini, ribiti ni zile pini zinazoshikanisha kila kitu. Loki ni kitu kinachozuia bapa lisikufungie vidole, na visu vingi vya zamani havina loki, springi tu ndo inashikilia.

Hatua ya 1: Chagua njia moja, usinunue kila kinachokunjika

Hapa ndo wengi tunapotea. Mwaka wa kwanza unanunua kila unachokiona, mwaka wa pili una droo imejaa kama ya fundi simu na hujui hata kimoja kilikotoka. Chagua njia moja ndogo, uijue mpaka mwisho. Nitaje nne ninazozijua mimi.

Opinel ya Ufaransa ndo rahisi kuanza nayo kwa mfuko wa kawaida. Joseph Opinel alianza kuvitengeneza kule Savoie mwaka 1890, na 1897 akavipanga kwa namba. Kati ya hizo za mwanzo leo zimebaki namba 2 mpaka 10 halafu 12, yaani visu kumi tu, ukivimaliza umemaliza seti. Namba 8 ndo maarufu, bapa lake sentimita 8.5. Ile pete ya chuma unayozungusha kufunga bapa ilikuja 1955, na namba ndogo, 2 mpaka 5, hawana pete mpaka leo, kwa hiyo mtu akikuuzia namba 4 usimwambie imeng'olewa loki, utachekwa.

Victorinox, vile vyekundu vya Uswisi, kila mtu anavijua. Karl Elsener alifungua karakana Ibach mwaka 1884, 1891 akaanza kulipatia jeshi visu, 1897 kikaja kile cha maofisa chenye kizibuo. Jina ni la mama yake, Victoria, likaunganishwa na inox, neno la Kifaransa la chuma kisichoshika kutu. Wakusanyaji wa hivi wanaongea kwa milimita, urefu wa kisu kikiwa kimefungwa: 58, 84, 91, 93, 111. Kama unataka kitu chenye historia tafuta cha askari cha mpini wa aluminiamu, kilianza 1961 kikatoka mpaka 2008, shinani kimegongwa tarakimu mbili za mwaka. Ukiona 74 ni 1974, basi, hakuna kubishana. Watu wanatafuta cha mwaka waliozaliwa.

Case nimeshaisema. Niongeze tu kwamba namba ya modeli nayo inasomeka. 6254 kwa mfano, 6 ni mpini wa mfupa, 2 ni idadi ya mabapa, 54 ni umbo. Ukishaijua hiyo lugha unaanza kusoma visu kama mtu anavyosoma namba za gari.

Ya nne ni Okapi, na hii inatuhusu sisi kwa karibu. Vilianza kutengenezwa Solingen, Ujerumani, mwaka 1902, kwa ajili ya kuuzwa kwenye makoloni yao ya Afrika, na Tanganyika ilikuwa ndani ya hayo makoloni. Jina ni la yule mnyama wa msitu wa Ituri kule Kongo. Mpini wa mbao una vinyota na miezi, chuma ni kile kinachoshika kutu ukikiangalia tu vibaya, na chenye pete mgongoni ukikifungua kinalia tra-tra-tra. 1988 utengenezaji ukahamia Afrika Kusini na mpaka leo vinatoka huko. Sifa yake si nzuri sana, Afrika Kusini na Jamaica kimeshaitwa kisu cha wahuni, ila mi nakipenda, ni kisu cha mkulima kilichosingiziwa. Ukipata kilichoandikwa Solingen usikiachie.

Hatua ya 2: Sheria kabla ya pesa

Kukusanya nyumbani na kutembea nacho mfukoni ni mambo mawili tofauti. Ulioko Uingereza, kisu cha kukunja kisicho na loki chenye makali yasiyozidi inchi 3, yaani sentimita 7.62, unaruhusiwa kutembea nacho, kikiwa na loki au kikizidi hapo lazima uwe na sababu ya maana, na vile vya kubonyeza kikafyatuka usiwe navyo hata kabatini. Ujerumani nako kutembea na kisu chenye loki kinachofunguka kwa mkono mmoja bila sababu ya maana ni kesi. Sisi wa huku mi ushauri wangu ni mfupi, kisu kikitoka nyumbani kiwe ndani ya begi kimefungwa na unaenda mahali panapoeleweka, maana askari wa usiku hataki kusikia habari za Savoie. Kwenye ndege kinaingia begi linalopakiwa chini, sio la mkononi, nimeshaona mtu analia kwenye mashine ya ukaguzi kwa Victorinox aliyopewa na babu yake.

Na jambo moja zito. Visu vya zamani vya Sheffield, Uingereza, vingine vina mpini wa pembe ya ndovu, na karne ya 19 pembe nyingi zilitokea bandari ya Unguja, kwa hiyo kihistoria vinatuhusu sana. Usiguse. Kupatikana na pembe bila kibali huku kwetu ni kesi kubwa ya kukuozesha ndani, na hakuna atakayekuelewa ukisema ni mpini tu. Mfupa wa ng'ombe una vitundu vidogo vyeusi kama vumbi la pilipili manga, pembe ya ndovu ina mistari inayokatizana kama wavu. Kama huna uhakika, kirudishe.

Hatua ya 3: Kukikagua kabla hujatoa hela

Vingi tunavipata kwenye meza za vitu vya mtumba, kwa mafundi, kwa wazee, au kwa ndugu aliyeko nje anakuja na viwili kwenye begi. Popote pale, fanya hivi na usione haya, muuzaji akikasirika ujue kuna kitu.

Kifungue taratibu usikilize. Kisu kizima springi yake inasukuma, bapa linafika mwisho na mlio mmoja mkavu, tak. Kikiwa kinafunguka laini kama mlango wa kabati bovu, springi imechoka au imevunjika. Ukishakifungua shika bapa kwa pembeni, mbali na makali, ulisukume juu chini na kulia kushoto. Likicheza kidogo kulia kushoto linavumilika kwa mzee, likicheza juu chini na kina loki, achana nacho, hicho ndo kinachokata watu vidole. Halafu kifunge ukitazame kwa juu, bapa likae katikati bila kusugua ukuta.

Kinachowapiga wageni wengi ni bapa lililonolewa mpaka limekwisha. Linang'aa, lina makali, kumbe limebaki nusu. Namna ya kujua ni kutafuta picha ya modeli hiyo hiyo ikiwa mpya uweke sambamba, uangalie upana wa bapa na ncha. Ncha ikichomoza nje ya mpini kisu kikifungwa, au ukiona tumbo la bapa limekuwa na bonde, basi kinoo kimeshakula urithi wako.

Mwisho shina. Washa tochi ya simu uilaze pembeni kabisa, usimulike kwa mbele, maandishi yaliyofifia yatatoa kivuli na utayasoma. Bandia za Victorinox zimejaa mjini, mi mwenyewe niliuziwa moja na kijana mmoja wa mezani kwa mapenzi yangu yote. Mkasi ulikuwa haukati hata uzi, ule msalaba wa nembo umebandikwa kama stika, shinani neno moja tu, STAINLESS. Cha kweli jina la kampuni limegongwa shinani kwa herufi kali na zana zote zimelingana mgongoni, ukipitisha kucha haikwami.

Hatua ya 4: Usafi wa siku ya kwanza

Piga picha kabla hujakigusa. Narudia, kabla. Hata kama ni kichafu kama nini.

Vile vya chuma kisichoshika kutu na mpini wa plastiki au aluminiamu ni rahisi: maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo kidogo, fungua funga ndani ya maji mpaka uchafu utoke, mswaki wa zamani kwenye maungio, suuza, kausha kwa kitambaa afu uache wazi mahali penye hewa mpaka kesho yake. Tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila ungio, fungua funga mara ishirini, futa. Usitumie mafuta ya kupikia jamani, yanaganda yanakuwa gundi. Kama kisu utakatia embe weka mafuta ya madini yaliyo salama kwa chakula badala ya ya cherehani.

Mpini wa mbao au mfupa hauzamishwi kwenye maji. Opinel haswa, mbao ikinywa maji inavimba na bapa linagoma kutoka, na kwetu pwani masika hata bila kulowa inavimba yenyewe. Wenyewe wa Savoie wana mbinu yao: geuza pete ifunguke, shika kisu, gonga kile kitako cha mpini kwenye meza ngumu, bapa linachomoza lenyewe kidogo unalivuta. Usiingize bisibisi pale kati, utavunja mbao.

Kutu sasa. Ile nyekundu inayochafua kidole ndo adui, weka mafuta uache usiku kucha, asubuhi sugua polepole na stilwaya laini kabisa, kwa urefu wa bapa, na ukifika shinani simama. Shinani ni mafuta na kitambaa tu. Ile rangi ya kijivu au bluu-nyeusi iliyotulia kwenye bapa la zamani sio uchafu, ni ngozi ya kisu, inakikinga, na ukiitoa umekifanya uchi na bei umeishusha. Sijui kwa nini sisi tunapenda kila kitu king'ae.

Kunoa? Kama ni kipya hakijawahi kutumika na unakiweka, usikinoe kabisa. Kama ni cha kazi, paka makali yote wino wa kalamu nene, pitisha mara mbili tatu kwenye kinoo uangalie wino umetoka wapi. Ukitoka juu tu, umelaza sana, ukitoka kwenye ncha ya makali tu, umesimamisha sana. Kinoo cha maji, namba 1000, kinatosha. Mashine ya kunolea ya mtaani, ile ya kukanyaga inayotoa cheche, usiisogelee.

Hatua ya 5: Daftari

Hii haichukui dakika tano na hakuna anayeifanya. Namba ya kisu, kilitoka kwa nani, lini, bei, urefu kikiwa kimefungwa, maandishi ya shina pande zote mbili neno kwa neno, na kasoro. Kama kimetoka kwa mzee andika alichokwambia hapo hapo, maana hadithi ndo inayopotea kwanza.

Hatua ya 6: Picha

Simu yoyote inatosha, tatizo letu ni flashi. Zima flashi. Kaa dirishani asubuhi au jioni, jua lisipige moja kwa moja, kisu ukiweke juu ya kitu kisichong'aa cha rangi moja, mkeka, mbao, shuka. Kanga nzuri ila maua yake yanakula kisu, mtu anaishia kusoma jina la kanga. Bapa ni kioo, likionyesha sura yako au dari inua upande mmoja wa kisu kidogo mpaka limulike kitu cheupe, hata karatasi ukiishika juu yake.

Mi napiga saba: kimefungwa pande mbili, kimefunguliwa pande mbili, kutoka juu ili bapa lionekane limekaa wapi, shina kwa karibu na tochi ya pembeni, na ya saba ni kasoro kubwa kuliko zote. Weka kibiriti kando kwenye picha moja, kila mtu anakijua ukubwa wake, hutaulizwa urefu mara kumi. Usikishike kama unataka kumchoma mtu, hata kama kwa utani, picha zinasafiri na hujui zitafika kwa nani. Na uangalie nyuma yako kuna nini, namba ya nyumba, bahasha yenye jina, mtoto.

Hatua ya 7: Kukionyesha kwa wenzako

Ukituma picha saba bila maneno umewapa watu kazi. Anza na unachokijua, jina, modeli, urefu, maandishi ya shina. Kisha useme kilivyokufikia, hapo ndo watu wanaposoma kweli kweli, kilikaa kwa nani, kilitumika kufanya nini, kama unajua. Kisha kasoro, uzitaje mwenyewe kabla hazijagunduliwa. Nimeona mtu kaficha ufa kwenye mpini kwa kidole gumba, picha zote kidole kipo pale pale, wiki hiyo hiyo akataka kukiuza. Mpaka leo akituma kitu watu wanauliza kidole kiko wapi.

Malizia na swali moja, swali la kweli, kama "hizi herufi mbili za mwisho ni nini?" Utashangaa watu waliokuwa kimya wanavyojitokeza. Bei usiitaje kama hujaulizwa, na ukiulizwa jibu kwa faragha, kwa sababu aliyenunua kwa mara mbili ya bei yako anakusoma hapo hapo roho inamuuma. Na kijana akileta kisu chake cha kwanza cha bei ya soda mbili, usimwambie ni takataka. Mwambie kipi kizuri kwenye hicho, halafu umuonyeshe shina lilipo.

Mkikutana ana kwa ana kuna adabu zake. Kisu kinatolewa kimefungwa, mpokeaji anauliza "naweza kufungua?", anafungua kwa mikono miwili, hapana kukifyatua kwa mkono kama sinema. Bapa haliguswi kwa vidole, jasho letu la Dar lina chumvi, alama ya kidole gumba leo ni kutu Jumapili. Ukimaliza unakifuta ndo unakirudisha. Hakuna kujaribu makali ya kisu cha mtu kwa kukata boksi. Na ukipewa kisu zawadi na Mzungu usishangae akikudai sarafu, kwao wanaamini kisu cha bure kinakata urafiki, kwa hiyo unampa hata shilingi mia ionekane umenunua.

Hatua ya 8: Kulaza na kuachia

Usivilaze kwenye ala za ngozi, ngozi inakaa na unyevu na dawa zake za kulainishia zinakula chuma. Vifunge kimoja kimoja kwenye kitambaa cha pamba, kwenye boksi, pamoja na vile vipakti vya punje vinavyokuja na viatu vipya, pwani hivi si mapambo. Mara moja kwa mwezi vitoe, vifute, tone la mafuta. Vyenye mpini wa seluloidi, ile plastiki ya zamani yenye rangi rangi kama lulu, vilaze mbali peke yao. Ikianza kuoza inatoa hewa kali inayotia kutu hata visu vya jirani, na dalili yake ni harufu kali na kutu kwenye kisu ambacho hukukigusa.

Utafika mahali una viwili vinavyofanana, kimoja badilishana au uza. Mpe mnunuzi picha ya kabla ya usafi na ukurasa wake wa daftari, sio kisu tu. Ukikituma mkoani kwa basi kifunge, kizungushie raba bendi mbili, karatasi ngumu, halafu boksi, na pale kwenye ofisi ya vifurushi sema wazi ndani kuna nini, wakikataa tafuta njia nyingine, usiandike "vipuri". Ile Case ya baba mdogo nimeshaombwa mara tatu, mmoja alileta hela nzuri tu. Nimemwambia ukweli kwamba nukta nilizifuta mimi, akasema hata hivyo anaitaka. Bado sijamjibu.